Njia Isiyoangusha Mtu

Nyuma ya mji, pale ambapo lami inakwisha na changarawe inaanza, kuna vilima vyenye njia za baiskeli zinazoshuka katikati ya miti mpaka kwenye kijito. Kila Jumamosi watu wazima, wenye kazi zao na familia zao, huvipanda vilima hivyo wakisukuma baiskeli ndimi nje, kisha huvishuka wakipiga mayowe, halafu hupanda tena. Ukiwauliza wanatafuta nini, hawana jibu la maana. Lakini ukiwauliza majina ya njia, vuta kiti, maana utahadithiwa mpaka chai ipoe.

Ya kwanza inaitwa Jino la Daktari. Daktari mwenyewe ni wa meno, na pengo analo mpaka leo kwa sababu hajapata nafasi ya kujitibu. Inayofuata ni Suruali ya Mwalimu. Ipo Miwani ya Wakili, ipo Simu ya Bwana Harusi, na ipo Heshima ya Mkaguzi, ambayo kisa chake hakisimuliwi mbele ya watoto. Sheria ya vilima ni kwamba njia haipewi jina na aliyeichimba wala na tajiri yeyote. Jina linatoka kwa mtu wa kwanza kuanguka ndani yake, kwa kile ambacho kilima kimemnyang'anya. Kinatajwa kitu, anatajwa mwenye kitu, yamekwisha.

Mlinzi wa sheria hiyo ni mzee mmoja mstaafu aliyekuwa karani wa mahakama, na Karani ndilo jina analoitwa. Hukaa chini, penye kijito, akawasubiri wenzake. Mtu akianguka, Karani humsimamia kichwani na kumuuliza maswali matatu hata kabla hajampa maji. Nani ameona? Ulikusudia? Umepoteza nini? Akisharidhika hutamka jina, na jina hilo halikatiwi rufaa. Hakuna aliyewahi kumdanganya. Wengine wanasema ni ile miaka ya mahakamani, mimi nasema ni zile nyusi zake nene.

Katika njia zote hizo, moja tu haikuwa na jina, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuanguka humo.

Habari mbaya ilimkuta Fundi sakafuni dukani kwake, amepiga magoti juu ya pazia la mteja, pini kadhaa mdomoni. Fundi alikuwa mshonaji wa mapazia na mito ya makochi, mwanamke mfupi, mnene kidogo, mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa maneno. Aliyeleta habari alikuwa wifi yake, dada wa marehemu mumewe, dereva wa gari la wagonjwa, mtu ambaye hajui kuingia mahali kimyakimya. Alikiruka kizingiti, akaviruka na viatu viwili vikubwa vya kiume vilivyokaa mlangoni, akasema:

"Wifi, wanaipa namba."

Fundi alitema pini. "Wanaipa nini namba?"

"Njia ya kaka. Halmashauri inaweka vibao vya chuma kwenye kila njia, ili mtu akivunjika mguu ajue kutuambia yuko wapi. Yenye jina inaandikwa jina. Isiyo na jina inaandikwa namba. Mchora vibao anakuja Jumamosi hii."

"Namba! Kama wodi!"

"Kama wodi, wifi yangu. Kaka yangu mzima anakuwa wodi."

Kaka huyo, mume huyo, aliitwa Mlingoti. Jina la kwenye vyeti alikuwa nalo, lakini halikumkaa, maana alikuwa mrefu wa kutisha, na kwenye picha ya harusi ilibidi aketi ili bibi harusi aonekane. Alikuwa fundi bomba. Siku za kazi alizipitisha amekunjwa chini ya masinki ya watu, na Jumamosi alikwenda vilimani kujinyoosha. Huko alijulikana kwa mambo mawili. La kwanza, hakuna aliyejua kuchimba njia kama yeye, kwa sababu aliyafahamu maji na tabia zake, na njia zake hazikuoza mvua ikinyesha. La pili, hakuwahi kuanguka. Si kwamba alikuwa stadi. Baiskeli ikiinama huku, anateremsha mguu huku. Ikiinama kule, anateremsha mguu kule, taratibu, kama mtu anayeshuka kitandani.

Kwa hiyo wenzake wote walikuwa na majina yao vilimani, yeye hana. Na njia yake ya mwisho, aliyoichimba katika mwaka wake wa mwisho, kifua kikimsumbua, akipiga jembe mara chache na kupumzika sana, nayo haikuwa na jina. Alikufa kabla haijafunguliwa. Wenzake waliifungua, wakaishuka, wakaishuka tena, mwaka ukapita, na wote walifika chini wakiwa na meno yao.

Fundi aliacha pazia pale pale, akafunga duka, akaenda kwa Karani.

Alimkuta barazani anapaka mnyororo wa baiskeli mafuta kwa mswaki. Daktari naye alikuwepo, amekuja kuazima pampu.

"Shikamoo, mzee Karani."

"Marahaba, shemeji. Naona umekuja na uso wa mashtaka."

"Nimekuja kuomba. Njia ile iandikwe jina la mume wangu. Nyinyi mliomlilia zaidi yangu pale makaburini, hamtashindwa na hilo."

Karani aliweka mswaki chini. Nyusi zilishuka, zikapanda, zikashuka tena.

"Shemeji, unamkumbuka yule tajiri wa vigae aliyetaka kununua njia iitwe jina la duka lake? Aliyesimama akasema njia hainunuliwi wala haiombwi, inaangukiwa, unadhani alikuwa nani?"

Fundi alimjua.

"Ni Mlingoti mwenyewe," Karani akaendelea. "Sheria ni yake, mimi naishika tu. Sasa leo niivunje kwa ajili yake? Nitamwambia nini tukikutana?"

"Na njia yenyewe ni ya ajabu," Daktari akadakia, ulimi ukipita kwenye pengo. "Haimwangushi mtu, lakini inampiga makofi. Pale karibu na chini kuna matawi, kila nikipita yananichapa kofia. Mlingoti alikuwa mrefu kuliko sisi sote. Mtu mrefu vile anaachaje matawi yakaning'inia hivyo?"

"Alikuwa anaumwa," Fundi akasema kwa ukali, na Daktari akajishughulisha na pampu.

Njiani kurudi, Fundi alilia kidogo, akakasirika kwamba amelia, akalia tena. Kaburini lilichongwa lile jina la vyeti, jina ambalo hata mama mzazi hakulitumia. Jina la Mlingoti, ambalo yeye alilitamka kila asubuhi kwa miaka yote ya ndoa, lilikuwa halijaandikwa popote duniani. Namba ikishapigwa kwenye chuma, basi tena.

Alipofika nyumbani, ambapo ni chumba cha nyuma cha duka, alisimama mbele ya vile viatu viwili vya mlangoni. Vilikuwa viatu vya baiskeli vya Mlingoti, vyenye soli za kung'ang'ania, pua zikiangalia nje kama alivyoviacha. Fundi alivifagilia pembeni kila asubuhi na kuvirudisha mahali pake. Wateja walivikwepa, wakadhani mwenye nyumba yuko ndani amelala. Hakuna aliyeuliza, na Fundi hakuona sababu ya kuviondoa.

Aliviangalia, akapiga moyo konde, akampigia wifi simu.

"Wifi, hivi mtu akianguka akapoteza kitu ambacho si chake, njia inaitwa jina la nani?"

Wifi akaanza kucheka, kile kicheko cha ukoo wao kinachoanzia magotini.

Mpango ulikuwa huu. Fundi angeshuka njia ile Jumamosi mbele ya mashahidi, juu ya baiskeli ya mumewe, amevaa glavu za mumewe. Angeanguka, glavu ingechomoka na kutumbukia kijitoni, na njia ingeitwa Glavu ya Mlingoti. Kwa kazi hiyo Fundi aliketi na glavu ya kulia chini ya taa, akafumua nyuzi za kifundoni moja moja kwa ncha ya mkasi, akazibakiza chache za kuishikilia kwa heshima tu. Ukiivuta kidogo, inakuaga.

"Tatizo ni lile swali la pili," akasema Fundi. "Akiniuliza nilikusudia, nitamwambia nini? Siwezi kumdanganya mzee yule. Nitatoka vipele."

"Wewe usikusudie kuanguka," wifi akamjibu. "Kusudia kushuka. Baiskeli umeiendesha mara ya mwisho ukiwa darasa la ngapi? Kuanguka kutajileta kwenyewe."

Hoja hiyo ilimridhisha Fundi, kama hoja mbovu zinavyoturidhisha sote tukiwa na shida.

Mazoezi yakafanyika jioni, kwenye uwanja wa shule jirani, wanafunzi wakishaondoka. Ni mazoezi ya ajabu kuliko yote niliyowahi kuyasikia, kwa sababu mwalimu na mwanafunzi wote walikuwa na hofu kwamba mwanafunzi ataelewa. Baiskeli yenyewe ilikuwa ndefu kama mwenyewe. Kiti kilishushwa mpaka kikagoma. Wifi alitaka kulikata bomba la kiti kwa msumeno, Fundi akamwambia atamkata yeye kwanza. Basi ikawa hivi: Fundi anapanda kutoka kwenye ngazi za darasa, wifi anamsukuma, Fundi anazunguka uwanja akiyumba na kumtaja Mungu, halafu wifi anakimbia na kumpokea kama mzigo kutoka kwenye lori.

"Safi! Sasa tuishie hapo, usije ukajua," wifi alikuwa akisema.

"Breki ni hii?"

"Hiyo. Polepole. Ukiibana ghafla utaruka juu ya usukani."

"Na kushuka je? Nashukaje?"

"Kushuka kwa nini, wifi? Si utakuwa umeshaanguka?"

Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Lakini wale wawili walikuwa na shughuli, wahenga hawakupewa nafasi.

Ijumaa Fundi alishona nguo ya vita. Alichukua suruali nene akaijaza sponji ya makochi, matakoni, mapajani na magotini, kila kipande kimeshonewa mfuko wake. Koti nalo likapata sponji viwikoni na mabegani. Alipolivaa na kujiangalia kwenye kioo cha wateja, wifi alishika ukuta.

"Unafanana na kochi."

"Kochi limewahi kuvunjika mguu?"

"Yamevunjika mengi tu."

Viatu ndio vilileta ubishi. Ndara za Fundi ziliteleza kwenye pedali, raba hakuwa nazo, na wifi akaviangalia vile viatu vya mlangoni. Fundi naye aliviangalia. Mwishowe aliviinua, akavipangusa, akasokomeza mabaki ya sponji kwenye pua zake, akavivaa. Vilikuwa bado vizito mbele kama mabuti, lakini vilishika pedali. Mlangoni palibaki peupe. Ilimchoma kidogo, akajiambia ni mpaka kesho tu.

Jumamosi palikuwa na watu. Umbea hauhitaji baiskeli. Mchora vibao alikuwa chini penye kijito, amekaa juu ya jiwe kwa sababu aliogopa vilima. Vibao vyake vilikuwa vimeshaandikwa, kimoja tu kitupu kikisubiri namba, na brashi imelala juu ya kopo. Karani alisimama pembeni yake. Daktari na wenzake walijipanga kando ya njia. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na kijito kilikwenda mbio.

Juu, wifi alimpandisha Fundi kutoka kwenye mwamba, akamfunga kofia ngumu kidevuni, akamnong'oneza, "Kumbuka, hukusudii."

"Sikusudii," Fundi akasema, meno yakigongana.

"Mungu akuangushe salama."

Akamwachia.

Kwanza Fundi hakuona kitu, kwa sababu alikuwa amefumba macho. Alipoyafumbua, kona ya kwanza ilikuwa imeshafika. Alijua fika kwamba hajui kukata kona. Akasema moyoni, haya, ni hapa, tulichokujia ndicho hiki. Lakini ukingo wa nje wa ile kona ulikuwa umeinuliwa kwa udongo uliopigwa ukakazana, na gurudumu lilipoufikia, ukalipokea na kuligeuza lenyewe. Fundi alitokea upande wa pili akiwa bado juu ya kiti, amepigwa na butwaa.

Ukaja mteremko. Baiskeli ikashika kasi, upepo ukaingia kwenye sponji, na Fundi akapiga ukelele mmoja uliowafikia watu wa chini. Hapa naanguka, akawaza. Lakini mteremko ulipokwisha palikuwa na kilima kidogo, cha kutosha tu kuimeza ile kasi, kama vile mtu amemshika bega. Pakaja mawe, na yakawa mawe bapa, yamepangwa kama ngazi za nyumbani. Pakaja mizizi, na mizizi ilikuwa imefunikwa udongo.

Fundi akapandwa na hasira.

"Wewe mwanaume!" alipiga kelele katikati ya miti, na mashahidi wa kona ile wanaapa walisikia kila neno. "Niache nianguke! Nafanya hivi kwa ajili yako! Hata mara moja tu huwezi kuniachia?"

Njia haikumwachia. Kila alipoinama ilimwinua, kila alipozubaa ilimngojea. Ndipo akafika kwenye matawi ya Daktari.

Aliyaona yakining'inia juu ya njia na akajikunja kwa hofu, kisha akapita chini yake bila jani moja kumgusa. Akageuza kichwa kuyatazama, jambo ambalo mwendesha baiskeli hapaswi kulifanya. Halafu akaangalia pembeni. Vichaka vilikuwa vimekatwa, lakini si juu, penye viwiko vya mtu mrefu. Vilikatwa chini, sawasawa na viwiko vyake yeye. Fundi alikuwa amepima watu maisha yake yote. Alijua nguo ya kuazima inavyokaa mwilini, na alijua nguo iliyopimwa. Upana wa zile kona, urefu wa zile ngazi za mawe, kimo cha yale matawi ambayo aliyeyaacha alilazimika kuinama kila alipopita na jembe lake, yote yalikuwa vipimo vyake.

Akakumbuka. Miaka na miaka mumewe alimbembeleza waende wote vilimani, na miaka na miaka alimjibu vilevile, huku akikanyaga cherehani, bila hata kuinua macho: "Siku utakayochimba njia isiyoangusha mtu, nitakuja." Mara ya mwisho alipomjibu hivyo, Mlingoti alisema, "Haya." Akachukua jembe akatoka. Fundi alidhani amekasirika.

Machozi yakamjaa. Ile glavu iliyofumuliwa ilikuwa imeanza kuchomoka, ikabakia kwenye ncha za vidole. Ingetosha kutikisa mkono. Fundi aliivuta kwa meno, akaikaza, akaushika usukani vizuri. Namba na iwe namba, alisema. Mtu amekuchimbia njia usianguke, huwezi ukaja ukajiangusha humo kwa makusudi. Hiyo ni tabia mbaya.

"Nimekuja, Mlingoti," alimwambia. "Nimechelewa, lakini si nimekuja?"

Akaishuka sehemu iliyobaki akiwa ameinua uso, na watu wa chini wakamwona akitokeza kati ya miti, kochi zima linang'aa kwa furaha. Wakashangilia. Daktari alirusha kofia. Ilikuwa ni shangwe ya kweli, halafu ikaanza kufifia, kwa sababu mmoja mmoja walikumbuka kwamba hakuanguka. Mchora vibao akachovya brashi, tayari kuandika namba. Karani aligeukia kando, akajipangusa pua.

Fundi akabana breki, polepole, kama alivyofundishwa. Baiskeli ikasimama vizuri kabisa, mwisho kabisa wa njia, kando ya kijito. Akatabasamu kwa watu wote. Kisha akateremsha mguu.

Chini hapakuwepo.

Alinyoosha mguu wa kushoto, hakufika. Akajaribu wa kulia, akakuta huko nako ni mbali vilevile. Uso wake ulibadilika taratibu, tabasamu likiwa bado halijapata habari. Mahali hapo Mlingoti alikuwa akiteremsha mguu mmoja na kuendelea na mazungumzo. Mkewe alibaki juu ya baiskeli ile iliyosimama, akachezacheza miguu hewani, akasema "Wifi!" na akaenda upande kama kabati.

Alidunda. Wanaosema hakudunda hawakuwepo. Sponji ilimpokea ikamrusha, akatua tena, na katika kutua kule kwa pili kiatu cha kulia kilichomoka mguuni, kikapaa juu ya kichwa cha mchora vibao, kikaingia kijitoni. Daktari alikirukia, akalowa mpaka kiunoni. Kiatu kilizunguka mara moja kwenye mawe, kikanyoosha pua kufuata maji, kikaenda zake.

Hakuna aliyecheka. Wote walikuwa wanamwangalia Karani.

Mzee alikuja mpaka kichwani pa Fundi. Kwanza alichungulia gurudumu la nyuma. Lilikuwa bado ndani ya njia. Akakohoa.

"Nani ameona?"

"Sisi sote!" wakajibu, na sauti ya wifi aliyekuwa akishuka kilima mbio kwa miguu ikasikika juu ya zote, ingawa yeye hakuona chochote.

"Ulikusudia?"

Fundi, aliyelala chali, alimtazama machoni zile nyusi zikiwa juu yake.

"Juu nilikusudia, mzee. Sikufichi. Lakini katikati niliacha. Hapa nilikusudia kusimama tu kama mtu mwenye akili zake."

Karani aliitafakari hoja hiyo. "Anguko ni la hapa, si la juu," akaamua. "Umepoteza nini?"

"Kiatu."

"Cha nani?"

Kijito kilisikika, na maji yakidondoka kutoka kwenye suruali ya Daktari. Fundi aliangalia kule kiatu kilikokwenda.

"Cha Mlingoti," alisema.

Karani alinyooka. Alikuwa ametamka majina mengi pale penye kijito, na kwa mara ya kwanza alivua kofia. "Kiatu cha Mlingoti," akasema kwa sauti ya mahakamani, akamgeukia mchora vibao. "Andika. Na herufi ziwe ndefu."

Hapo ndipo walipocheka, na wengine wakalia, na Fundi akafanya vyote viwili palepale chini, kwa sababu suruali ile ilikuwa nene mno na hakuweza kuinuka bila msaada.

Kibao kipo. Njia hiyo sasa ndiyo wanayofundishiwa wageni na waoga, na Fundi huishuka karibu kila Jumamosi, akipokelewa chini na wifi yake. Bomba la kiti halijakatwa mpaka leo. Daktari ameshapeleka ombi rasmi matawi yapunguzwe, Karani amelitupilia mbali.

Jioni ile ya kwanza Fundi alirudi nyumbani na kiatu kimoja. Alikiweka mlangoni, mahali pake, pua ikiangalia nje, akakitazama kwa muda mrefu. Viatu viwili mlangoni vinamsubiri mtu. Kimoja hakimsubiri mtu yeyote. Alikaa nacho sakafuni, akalia mpaka akashiba, kisha akakichomoa sponji, akakipangusa na kukipandisha juu ya meza ya cherehani. Sasa ndimo anamoweka mkasi, chaki na utepe wa kupimia, na vinaenea vyote, kilivyo kirefu.

Wateja huuliza cha pili kiko wapi.

"Kimemfuata mwenyewe," huwajibu, akachomoa utepe, akawauliza dirisha lao lina upana gani.